Pasti pepa, diskasheni au madesa: uchague nini kabla ya testi ya takwimu

Wiki ya testi ikikaribia, vimbweta (meza na viti vya nje vya kusomea) vya Malimbe na Nyegezi, Mwanza, hujaa kuanzia alasiri, na kila kundi lina msimamo wake. Wengine wanajifungia na pasti pepa (karatasi za testi zilizopita), wengine hawaamini msuli, yaani kusoma kwa bidii, usio wa diskasheni ya kundi, na wapo wanaotaka kumaliza madesa (notsi za kozi) yote kwanza ndipo washike kalamu. Njia zote hizi zina kazi yake. Ila kwa testi ya takwimu za utangulizi hazilingani, na mwanafunzi anayezigawia saa sawasawa hupoteza alama ambazo angezipata kwa muda uleule.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: saa nyingi ziende kwenye maswali ya testi zilizopita, ukiyasolvu peke yako, kwa saa (ukijipimia muda), bila majibu mbele yako. Diskasheni ifuate, kwa mada chache maalumu. Madesa, video na tyusheni vitumike pale tatizo lako linapovihitaji. Sababu ni namna testi yenyewe inavyotungwa. Karibu kila mtu darasani anaweza kuitambua kanuni ya mkengeuko sanifu (kipimo cha data zilivyotawanyika kutoka wastani) akioneshwa. Testi haikuoneshi. Inakupa aya ya maneno na tarakimu, na wewe ndiye uamue kama hapa panatakiwa wastani au mediani (thamani ya katikati), bainomia au Poisson (njia mbili za kukokotoa uwezekano), kugawa kwa n (idadi ya data) au kwa n − 1. Njia ya kujisomea isiyokulazimisha kufanya uamuzi huo haikuandai, hata ikikuchosha kiasi gani.

Mpaka wa testi kwanza

Kozi ya kwanza ya takwimu, iwe ya uhasibu, ualimu, mipango, afya au uvuvi, ina sura inayofanana. Testi ya katikati ya muhula mara nyingi huishia kwenye uwezekano au mtawanyo normali: aina za data, njia za kuchukua sampuli, jedwali la marudio, wastani, mediani, modi, robo, mkengeuko sanifu, kanuni za uwezekano, bainomia, Poisson. Upimaji wa nadharia tete na rigresheni mara nyingi huachiwa UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Usikisie. Angalia mpango wa kozi au muulize mhadhiri mambo matatu: mada ya mwisho ni ipi, karatasi ya kanuni itatolewa au la, na jedwali la z (la kusomea uwezekano wa mtawanyo normali) litakalotumika ni la aina gani.

Hilo la tatu wengi hulipuuza na linaumiza. Yapo majedwali yanayotoa eneo kuanzia katikati, yaani 0 hadi z, na yapo yanayotoa eneo lote la kushoto mwa z. Kwa z = 1.50 la kwanza linasema 0.4332 na la pili linasema 0.9332. Mwanafunzi aliyezoea la pili kwenye video, akipewa la kwanza kwenye testi, atatoa majibu yaliyopotoka kwa 0.5 mahali pengi na hataona kosa lake. Fanya mazoezi kwa jedwali litakalokuwa mezani siku hiyo.

Pasti pepa peke yako

Tafuta testi tatu au nne za kozi hiyohiyo, na ikiwezekana za mhadhiri huyohuyo, maana kozi moja ikibadilisha mhadhiri hubadilika mtindo wa maswali kuliko mada zake. Steshenari za jirani na chuo huwa nazo, na waliotangulia mwaka mmoja huwa nazo zaidi. Ukipata zenye majibu, yakate au yakunje yasionekane.

Testi ya kwanza isolvu bila saa. Lengo lake ni kukupima tu. Ukimaliza, pitia kila alama uliyopoteza na uiandikie herufi: N kama hukuijua njia kabisa, C kama uliijua ila ukachagua nyingine, H kama ni kosa la hesabu, S kama hukulielewa swali, M kama muda ulikwisha. Kazi hii inachukua dakika 20 na ndiyo itakayokuambia njia ipi kati ya zote zinazofuata ikufae. Mwenye N nyingi na mwenye S nyingi wanaweza kupata alama zilezile 9 kati ya 20, lakini wakikaa pamoja kwenye programu moja ya kusoma, mmoja wao anapoteza muda.

Testi ya pili na kuendelea isolvu kwa saa. Kama ni dakika 60 kwa alama 30, kila alama ina dakika 2, na swali la alama 6 likifika dakika 12 unaliacha na kuhama. Kuhama huku kunahitaji mazoezi. Wengi hawajawahi kuliacha swali hata mara moja nyumbani, ndiyo maana chumba cha mtihani huwashinda.

Tuone mfano ambao pasti pepa hukufundisha na madesa hayakufundishi. Tuseme swali linatoa urefu wa sangara 40, kwa sentimita nzima: 40–49 wako 4, 50–59 wako 10, 60–69 wako 14, 70–79 wako 8, 80–89 wako 4. Unatakiwa kutafuta wastani, mediani na mkengeuko sanifu.

Wastani hauna shida ukichukua katikati ya kila kundi: 44.5, 54.5, 64.5, 74.5, 84.5. Ukizidisha kwa marudio na kujumlisha unapata 2,560. Gawa kwa 40, jibu ni sentimita 64.0.

Mediani ndiyo inayokamata watu. Nusu ya 40 ni 20. Marudio limbikizi (jumla ya marudio hadi kila kundi) ni 4, 14, 28, kwa hiyo mediani iko kwenye kundi la 60–69. Mpaka wa chini wa kundi ni 59.5, upana ni 10, marudio limbikizi kabla yake ni 14 na marudio ya kundi lenyewe ni 14. Hivyo 59.5 + (20 − 14) ÷ 14 × 10 = 63.79. Anayeanza na 60 atapata 64.29. Anayetoa 60 kwenye 69 na kusema upana ni 9 atapata 63.36. Majibu yote matatu yanaonekana ya maana, hakuna linaloshtua, ndiyo sababu kosa hili huishi muhula mzima. Kinachohitajika ni kuelewa mpaka unatoka wapi: samaki aliyeandikwa sentimita 60 kwa vipimo vya sentimita nzima anaweza kuwa na urefu halisi kuanzia 59.5, na aliyeandikwa 69 anaweza kukaribia 69.5. Kundi linabeba sentimita 10 kamili. Ukishaelewa hivyo hutahitaji kukariri.

Kwa mkengeuko sanifu, tofauti kutoka wastani ni −19.5, −9.5, 0.5, 10.5 na 20.5. Zikikwadiriwa na kuzidishwa kwa marudio, jumla ni 4,990. Sasa uamuzi: sangara hawa 40 ni sampuli kutoka ziwani, na hawana maana ya kuwa samaki wote wa ziwa, hivyo unagawa kwa 39 na kupata varianzi (mkengeuko sanifu kabla ya kutafuta kipeuo cha pili) 127.95 na mkengeuko sanifu sentimita 11.31. Ukigawa kwa 40 unapata 11.17. Swali likisema wazi kwamba hao 40 ndio wote wanaohusika, kwa mfano samaki wote wa bwawa moja la majaribio, hapo 11.17 ndilo jibu. Wahadhiri wengine hugawa kwa n kwa data za makundi katika kozi ya utangulizi. Fuata wa kwako, na uandike pembeni ya kazi umegawa kwa nini.

Udhaifu mkubwa wa pasti pepa ni majibu. Nakala zinazozunguka vyuoni mara nyingi zina majibu ya mwanafunzi aliyepita, na makosa yake yananakiliwa mwaka hadi mwaka. Jikinge kwa ukaguzi ambao hauhitaji jibu la mtu. Wastani lazima uwe kati ya thamani ndogo na kubwa. Varianzi haiwi hasi kamwe. Uwezekano hauzidi 1, na uwezekano wa matokeo yote ukijumlishwa unakuwa 1. Kwa sampuli ya makumi, mkengeuko sanifu huwa karibu na robo ya tofauti kati ya kubwa na ndogo. Hapa 89 − 40 ni 49, robo yake ni kama 12, na sisi tulipata 11.31, kwa hiyo tuko mahali pake. Aliyesahau kutafuta kipeuo cha pili akaandika 127.95 angeiona aibu hapohapo: samaki wote wako kati ya 40 na 89, mkengeuko wa 128 unatoka wapi?

Udhaifu wa pili ni kukariri mpangilio. Swali la kwanza likiwa la jedwali miaka mitatu mfululizo, mwanafunzi anaacha kusoma swali na kuanza kuchora jedwali. Dawa yake ni kuchanganya: kata maswali ya testi zote, yachanganye, uchukue moja bila kujua ni la mada gani. Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha mwaka 2007 jaribio la wanafunzi wa chuo waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo ya aina nne. Waliofanya maswali yaliyopangwa kwa mada walifanya vizuri zaidi wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa wiki moja baadaye walipata asilimia 20, na waliochanganyiwa maswali walipata 63. Mazoezi yaliyochanganywa huuma zaidi na hukufanya ujione hujui. Vumilia. Uamuzi wa "hapa natumia njia gani" unajengwa hapo tu.

Diskasheni

Diskasheni inashinda pasti pepa kwenye kundi moja la makosa: S, yaani kutolielewa swali. Mada zake ni uwezekano wenye sharti, maneno kama "angalau" na "wasiozidi", tofauti ya matukio yasiyoweza kutokea pamoja na matukio yasiyotegemeana, na kutafsiri jibu kwa sentensi. Hapo mtu peke yake anaweza kulisoma swali vibaya mara tano na kila mara akajiridhisha. Mwenzake anamkamata mara ya kwanza.

Mfano: mfanyabiashara wa Kirumba ana magunia ya dagaa, asilimia 70 kutoka Ukerewe na 30 kutoka Sengerema. Tuseme ya Ukerewe asilimia 5 hayajakauka vizuri, ya Sengerema asilimia 10. Limechukuliwa gunia moja kwa bahati nasibu na limekutwa halijakauka. Uwezekano gani kwamba lilitoka Sengerema? Kwenye kimbweta cha watu wanne utasikia majibu matatu. Wa kwanza atasema 0.10, lakini huo ni uwezekano wa kutokauka iwapo gunia ni la Sengerema, sharti limegeuzwa. Wa pili atasema 0.03, ambao ni uwezekano wa mambo yote mawili kwa pamoja. Jibu ni 0.03 ÷ (0.035 + 0.03), yaani 0.46. Mabishano ya dakika kumi kati ya 0.10 na 0.46 yanafundisha kuliko kurasa nne za madesa, kwa sababu kila mmoja analazimika kusema swali linamtaka nini.

Vivyo hivyo kwenye bainomia. Kwa majaribio 5 na uwezekano wa 0.2, "angalau 2" ni 0.263, "zaidi ya 2" ni 0.058. Hesabu ni ileile, neno ndilo limebadilika, na jibu limepungua zaidi ya mara nne. Someaneni maswali kwa sauti na kila mmoja aandike alama ya ≥, >, ≤ au < kabla ya mtu yeyote kugusa kalkuleta.

Sasa kwa nini diskasheni nyingi hazileti alama? Kwa sababu mmoja anasolvu ubaoni au kwenye daftari, wengine wanafuata kwa macho na kuitikia. Kufuata hatua za mwenzako ni rahisi kuliko kuzipata mwenyewe, na ukitoka hapo unaamini umeelewa. Kesho yake ukipewa swali lilelile unakwama mstari wa pili. Kanuni tatu zinaiokoa: watu wawe watatu hadi watano, si kumi; kila mmoja aje na maswali aliyokwisha kuyajaribu; na kila swali lianze kwa dakika nane za kimya, kila mtu kwenye karatasi yake, kisha majibu yawekwe mezani kwa pamoja. Anayeeleza awe yule aliyekosa, baada ya kusaidiwa. Mwenye kujua zaidi asishike kalamu. Saa moja na nusu inatosha; zaidi ya hapo mazungumzo huhamia kwenye bumu (pesa za mkopo wa masomo).

Kwa wanaokaa mbali, Kisesa, Buhongwa au Igoma, kufika chuoni jioni na kurudi kwa daladala kunaweza kula saa mbili. Kwao kundi la WhatsApp lenye kanuni hizohizo linafaa: picha ya swali saa mbili usiku, kila mtu anatuma picha ya kazi yake saa mbili na robo, ndipo maswali ya sauti yaanze. Anayetuma jibu tupu bila hatua arudishiwe.

Ulinganisho wa gharama pia upo. Pasti pepa zinahitaji nakala chache na utulivu. Diskasheni inahitaji watu wenye nidhamu, na hao ni adimu kuliko nakala. Ukikosa kundi lenye nidhamu, usijiunge na lisilo nayo kwa kuogopa kubaki peke yako. Saa hizo zina faida kubwa zaidi ukiwa na testi ya tatu mbele yako na simu imezimwa.

Madesa

Kusoma madesa upya kuna sehemu moja ambako kunalipa vizuri: maswali mafupi ya maelezo. Ngazi nne za vipimo, sampuli ya matabaka dhidi ya sampuli ya makundi, lini mediani inafaa kuliko wastani. Hayo yanaweza kufika robo ya testi na hayahitaji hesabu. Lakini hata hapo usisome tu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionesha mwaka 2006 kwamba waliosoma maandishi tena na tena walikumbuka zaidi dakika tano baadaye, ila baada ya siku mbili na baada ya wiki waliojipima ndio walioongoza. Testi yako haiji baada ya dakika tano. Soma ukurasa, ufunike, andika ulichokumbuka, fungua uone kilichoachwa.

Mtego mwingine wa madesa ni rangi. Kupaka mistari ya njano kwenye kanuni kunatoa hisia ya kazi kubwa. Mwisho wa jioni daftari limependeza na hakuna swali hata moja lililojibiwa.

Video na tyusheni

Video inafaa kwa herufi N, na kwa dhana moja tu kwa wakati. Umekwama kwenye Poisson, tazama moja ya dakika kumi, simamisha kabla ya mwalimu kusolvu, jaribu mwenyewe, endelea. Shida zake ni bando, alama za hesabu zinazotofautiana na za mhadhiri wako, na mnyororo wa video zinazofuatana hadi usiku wa manane. Pakua zile unazozihitaji ukiwa kwenye mtandao wa chuo.

Tyusheni ina faida kwa mtu wa aina moja: yule ambaye tatizo lake halianzii kwenye takwimu. Kama alama ya jumla Σ inakuchanganya, kama huna uhakika kwamba Σx² na (Σx)² ni vitu viwili, kama sehemu na vipeo vilikuacha tangu sekondari, pasti pepa zitakupiga tu na diskasheni itakufanya unyamaze. Tafuta mtu akuketishe saa mbili kwa siku tatu juu ya mambo hayo, mapema, angalau wiki mbili kabla. Tyusheni ya siku mbili za mwisho hugeuka kuwa kutabiri maswali, na fedha yako imekwenda kununua utabiri. Kwa mfano wetu wa sangara, x ikiwa katikati ya kundi na f marudio yake, Σfx² ni 168,830 na (Σfx)² ni 6,553,600. Anayeziona namba hizo mbili na kujua mara moja kwa nini zimepishana hivyo hahitaji tyusheni.

Kalkuleta au safu za jedwali?

Huu ni uchaguzi mdogo ndani ya uchaguzi, lakini unagusa alama nyingi. Kuna wanaojaza safu za x, f, fx, fx² kwa mkono na wanaotumia hali ya SD (ya takwimu) ya kalkuleta ya sayansi. Kwa maoni yetu usichague. Andika safu, kwa sababu alama za hatua hutolewa kwenye safu na jibu tupu lililokosewa halina cha kuokoa. Kisha hakiki kwa SD.

Kwenye Casio fx-82MS unaingia SD kwa MODE kisha 2. Kwenye fx-991MS ni MODE mara mbili kisha 1. Futa data za zamani kwanza: SHIFT, MODE, 1, =. Hatua hii ikirukwa, namba za swali lililopita zinachanganyika na za sasa na kalkuleta haitakuambia kitu. Ingiza 44.5, SHIFT, alama ya koma, 4, kisha M+. Endelea hadi kundi la mwisho. SHIFT 1 inakupa jumla: kagua n kwanza, kama si 40 umekosea kuingiza na hakuna haja ya kuendelea. Σx iwe 2,560. Kisha SHIFT 2 inatoa wastani na mikengeuko miwili, xσn ambayo ni 11.17 na xσn−1 ambayo ni 11.31. Hapa kalkuleta inakurudishia uamuzi uleule wa sampuli au wote, haiwezi kukuamulia. Ukimaliza rudi COMP, hali ya hesabu za kawaida.

Kalkuleta ndogo za dukani zisizo za sayansi zina hatari yake: nyingi hufuata mpangilio wa kubonyeza, hivyo 2 + 3 × 4 zinatoa 20 badala ya 14. Ya simu haitaruhusiwa chumbani, kwa hiyo usiifanyie mazoezi. Atakayeazima kalkuleta asubuhi ya testi aiazime siku tatu kabla, aijue vitufe vyake.

Kulingana na siku ulizobakiza

Ukiwa na wiki mbili, tumia siku ya kwanza kwa testi ya kujipima na herufi zake. N zikizidi, siku nne zinazofuata ni za video, madesa na mtu wa kukuelekeza, mada kwa mada, kila mada ikifungwa kwa maswali matano. Kisha testi mbili kwa saa, zikiachana siku mbili, na diskasheni mbili katikati yake. Siku za mwisho changanya maswali. Kama S ndizo nyingi, geuza: diskasheni nne, testi mbili. Kama ni H, huhitaji kundi wala video, unahitaji kuandika kwa utaratibu, mstari mmoja hatua moja, na kubaki na desimali nne hadi mwisho ndipo ukadirie. Kukadiria wastani mapema kuwa namba nzima kisha kuutumia kwenye varianzi ni chanzo cha H nyingi.

Ukiwa na siku tano, ondoa tyusheni kabisa. Testi moja ya kujipima, mbili kwa saa, diskasheni moja ya uwezekano, jioni moja ya maelezo mafupi.

Ukiwa na usiku mmoja, usifungue mada mpya ngumu. Andika kwenye karatasi moja ya A4, kwa kukumbuka, kanuni zote na chini ya kila moja neno la kuonesha inatumika lini. Pale ulipokwama fungua madesa. Kisha solvu swali moja la jedwali kamili, moja la sharti na moja la bainomia. Data za makundi na wastani hujirudia karibu kila testi na zina alama nyingi za hatua, kwa hiyo kama muda unatosha mada moja tu, chagua hiyo kabla ya Bayes, yaani maswali ya sharti kama lile la magunia. Saa tano usiku funga, weka kalkuleta, rula, kalamu mbili na kitambulisho kwenye begi. Kichwa kilichokesha kinaandika 60 mahali pa 59.5.